Kerubo na Vidole Vilivyonyamaza

Kwao Keroka, watoto watatu wa Nyang'au fundi cherehani walizaliwa kila mmoja na lake, na mama yao, Domina, hakuona ajabu yoyote katika hilo. Wageni walipomuuliza, aliendelea kupepeta wimbi wake na kuwajibu kwamba watoto wa jirani wa juu walikuwa na pumu, wa jirani wa chini walikojoa kitandani hadi darasa la saba, sasa wa kwake yeye wana nini cha kushangaza?

Wa kwanza alikuwa Kerubo. Akigusa kitambaa, alimwona mtu atakayekivaa. Hakuanguka wala kuweweseka. Alimwona tu, waziwazi, kama unavyomwona mtu anayevuka barabara. Alipokuwa na miaka sita aliweka kiganja juu ya suruali ya kijivu mezani kwa baba yake akasema, "Baba, hii ni ya yule mwalimu anayechechemea." Nyang'au alikuwa ameikata kwa vipimo vya chifu. Wiki iliyofuata chifu akahamishwa ghafla, suruali ikabaki kwenye kiango, na mwalimu alipopita akaijaribu, ikamkaa kama ameshonewa yeye.

Wa pili alikuwa Japheth, ambaye hakuweza kusema uongo miguu ikabaki chini. Uongo mdogo ulimwinua kidole kimoja kutoka sakafuni. Uongo wa maana ulimpeleka moja kwa moja hadi kwenye kenchi za paa, na huko angekaa mpaka aungame. Basi akakua mtu mkweli kupindukia, na si kwa uchaji wa Mungu, bali kwa kuogopa kugonga kichwa.

Kitinda mimba alikuwa Jemimah, na yeye alifuatwa na vitu vilivyopotea. Hakuvitafuta. Aliamka tu akakuta mfukoni mwa sweta ufunguo wa kanisa, au meno bandia ya mzee Ombati, na siku moja kuku mzima chini ya kitanda. Kulikuwa na sharti moja tu: kitu hakikumrudia mwenyewe mpaka aje aseme kwa kinywa chake kwamba amekipoteza, na Jemimah amkabidhi mkononi. Ukikichukua kwa nguvu, kesho yake kilikuwa kimerudi kwenye sweta.

Kati yao, Kerubo ndiye aliyefika mbali. Baada ya miaka kumi ya kuuza vitambaa Nairobi pamoja na rafiki yake Chepkoech, aliona hakuna haja ya kuendelea kununua kutoka kwa watu walionunua kwa watu. Mwaka 2003 akapanda ndege hadi Guangzhou, akapanga vyumba viwili ghorofa ya kumi na tisa mtaa wa Xiaobei, na mwaka uliofuata akamwita Japheth. Wakati huo mji ulikuwa ukijengwa kwa pupa. Ulitoka kwenda kunywa chai, ukirudi unakuta jengo limeota mahali palipokuwa na kibanda cha mfua nguo.

Kila asubuhi Kerubo alivuka mto kwenda Zhongda, kwenye soko la vitambaa ambalo ukubwa wake huwafanya wageni wa kwanza wakae chini wapumue. Wafanyabiashara wengine waliuliza maswali: inachuja rangi? Inajikunja? Uzi ni wa nini? Kerubo hakuuliza kitu. Alipita katikati ya majora viganja vikiwa wazi, kama mtu anayepita shambani akigusa ngano. Hapa aliona kwaya nzima ikiyumba kanisani Kisumu. Akachukua majora arobaini. Pale aliona mama wa Kericho akicheka hadi machozi kwenye mahafali ya mwanawe, akachukua ishirini. Asipoona mtu, alipita. Mzigo wake haukuwahi kulala dukani.

Bi Huang, laobani wa duka la satini na krepu katika jengo la tatu, alimpenda kwa sababu hakupoteza muda. Laobani ndivyo kila mtu sokoni alivyomwita mwenye duka, awe mkubwa au mdogo. Bi Huang alikuwa mama mfupi, nywele amezikata kama za askari, na alitafuna mbegu za alizeti kuanzia asubuhi hadi kufunga. Alimwita Kerubo jina la Kichina lenye maana ya Bi Mkono.

Japheth hakufaa sokoni. Kila muuzaji alipotaja bei, ilimpasa mnunuzi aseme "tai gui le," yaani ghali mno, na Japheth akilisema neno hilo juu ya bei aliyoiona ya haki, visigino vyake viliinuka mbele ya watu. Kwa hiyo Kerubo akampa makaratasi ya forodha na safari za bandarini Huangpu, na huko wakala wa mizigo alimpenda kama mboni ya jicho lake. Fomu alizojaza Japheth hazikurudishwa hata moja. Xiaobei nzima ilimjua kama yule Mkenya atakayekuambia wazi kwamba nywele zako mpya hazikupendezi.

Maisha yakaenda hivyo, na yakaenda vizuri, hadi Jumanne moja ya mwezi wa tatu mwaka 2006.

Siku hiyo Kerubo aliweka mkono juu ya krepu ya waridi dukani kwa Bi Huang, na hakuona mtu. Haya, alijisemea, hii haina mwenyewe. Akagusa ya pili. Kimya. Ya tatu, kimya. Akashikwa na wasiwasi, akamshika Bi Huang mwenyewe begani, juu ya blauzi aliyokuwa ameivaa hapo hapo, na hata hapo vidole havikumwambia kitu. Bi Huang aliacha kutafuna, akamtazama kama mtu anayejiuliza amekosa nini.

Kerubo alinawa kwa maji moto. Alijipaka mafuta ya nazi. Alikwenda kwa daktari wa mitishamba nyuma ya mtaa wao, mzee aliyemtazama ulimi kwa muda mrefu kisha akampa dawa nyeusi yenye ladha ya kamba iliyochemshwa. Vidole vikabaki vidole tu. Hakuwa amemdhulumu mtu, hakuwa ameapa vibaya. Kipaji kilipotea tu, kama mtu anavyopoteza kitambulisho: jana kilikuwepo, leo hakipo.

Hakumwambia yeyote. Alianza kununua kwa kubahatisha, na punde Chepkoech akapiga simu kutoka Nairobi.

"Kerubo, hii mahameli ya kahawia umetuma, ni ya binadamu ama ni ya viti?"

"Ni ya magauni."

"Aki wewe! Jana fundi wa makochi amekuja kuiulizia. Peke yake. Ndiye mteja tumepata wiki nzima."

Japheth aliona dada yake akilisukuma bakuli la uji bila kulionja, akamuuliza kuna nini. "Mikono imechoka tu," Kerubo alisema. Japheth akaelewa kwamba vidole vimenyamaza, akataka kumfichia siri hiyo. Asubuhi iliyofuata, ndani ya lifti, jirani yao Marlène, mfanyabiashara wa Lubumbashi aliyenunua vitu vya kuchezea watoto kule mtaa wa Yide Lu, akamsalimia.

"Na dada yako, iko bien?"

"Hajambo kabisa," Japheth alijibu, na kichwa chake kikagonga taa ya lifti.

Marlène alikuwa ameona mengi maishani mwake. Alimshika Japheth pindo la suruali asizidi kupanda, akatazama namba za ghorofa zikishuka, akasema kwa utulivu, "Basi haiko bien, papa. Tafuta mutu amusaidie."

Japheth alimjua mtu huyo. Shida ilikuwa kwamba Kerubo na mtu huyo hawakuwa wamesemeshana kwa miaka minane.

Mama yao alifariki mwaka 1998. Siku moja kabla ya mazishi, pete yake ya ndoa haikuonekana. Siku ya mazishi yenyewe, watu wamejaa uani, mchungaji amefungua Biblia, pete ikaanguka kutoka mfukoni mwa koti la Jemimah na kubingirika hadi kwenye viatu vya shangazi zao. Watu wakaguna. Kerubo, kifungua mimba, aliyekuwa amesimama mbele na kubeba macho yote ya ukoo, akasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa nje ya ua waliisikia: "Hata marehemu humwachii?"

Jemimah aliokota pete, akaiweka juu ya Biblia ya mchungaji, akaondoka wimbo ukiwa katikati. Alihamia Nakuru, akapata kazi kwenye dirisha la mizigo iliyopotea la kampuni moja ya mabasi. Wakubwa wake hawakuelewa kwa nini tangu siku aliyoanza kazi hakuna abiria aliyelalamika tena, ila walimpandisha cheo mara tatu.

Japheth alimpigia simu bila kumwarifu Kerubo. Ajabu ni kwamba Jemimah hakuhitaji kubembelezwa. "Nilikuwa natafuta namba yenu," alisema. "Nina kitu chake, na kinaninyima usingizi."

Akafika mwezi wa sita, mvua ikimwagika kwa ndoo. Kerubo alifungua mlango akamkuta mdogo wake amesimama na sanduku moja, mkononi ameshika kiatu cha mtoto, pasi ya kusafiria ya mgeni asiyemjua na mwavuli wa watu.

"Umenenepa," Kerubo alisema.

"Na wewe umezeeka, dada."

"Ingia, unalowesha ukumbi."

Jemimah aliingia, akaketi, akaegemeza kiwiko juu ya sampuli za vitambaa zilizokuwa mezani. Papo hapo akaruka kama aliyekalia moto.

"Huyu mama mwenye mwanya anayekimbiza kuku akiwa amevaa nguo ya harusi ni nani?"

Kerubo aliweka kikombe chini. Japheth, aliyekuwa jikoni akimenya vitunguu saumu, alitoa kichwa mlangoni.

"Tangu mwezi wa tatu," Jemimah alieleza. "Kila kitambaa kina mtu ndani. Naenda dukani kununua shuka, naona mzee wa watu amelala juu yake anakoroma. Dada, unaishije na kelele hii? Nilijua ni yako. Nani mwingine angepoteza kitu kama hiki?"

"Basi nipe," Kerubo alisema, akanyoosha mikono yote miwili.

"Si unajua vile inafanywa."

"Nimepoteza kipaji changu. Nipe."

Jemimah akamshika mikono. Wakangoja. Nje mvua ilipiga vioo. Kerubo akashika sampuli: hakuna. Wakarudia kwa Kigusii, wakidhani labda kipaji kilichozaliwa Keroka hakielewi Kiswahili. Wakarudia wakiwa wamesimama, kisha wakiwa wamepiga magoti. Hakuna.

"Labda," Japheth alisema bila kuinua macho kwenye vitunguu vyake, "unaanza na kitu cha pili kabla ya kile cha kwanza. Kuna kingine ulipoteza zamani."

"Mimi sijapoteza kitu kingine chochote," Kerubo alisema, na akaenda kuosha sufuria ambazo tayari zilikuwa safi.

Lakini biashara haingojei watu wapatane. Kesho yake wote watatu walikwenda Zhongda. Mpango wa Kerubo ulikuwa rahisi: Jemimah aguse, aseme anachoona, yeye Kerubo aamue. Mbele ya majora ya pamba ya buluu Jemimah alifumba macho.

"Naona wanawake wamevaa sare."

"Wangapi?"

"Aki dada, hawajapanga foleni niwahesabu."

"Basi ni wa wapi? Kuna milima? Kuna ziwa?"

"Kuna sufuria. Wanapika."

"Wote wanapika? Ni harusi ama ni matanga?"

"Wananiambia mimi? Muulize aliyekata hiyo nguo!"

Wakaingia kwa Bi Huang wakiwa wamekwisha kununiana. Palikuwa na satini ya kijani, jora moja limefunguliwa kwenye meza ndefu, na Jemimah alipoliwekea mkono alinyamaza. Kerubo akamhimiza aseme upesi. Jemimah akajibu kwamba si lazima aseme kila kitu. Kerubo akasema, basi kama anataka kuficha vitu, aendelee, si ni desturi yake.

Neno lile lilitoka kabla hajalitafuna.

"Sema tu," Jemimah alisema polepole. "Sema mwizi. Uani kwa mama ulisema mbele ya kijiji kizima, hapa hata hawaelewi Kiswahili. Sema."

Na hapo Japheth, ambaye hakuweza kuvumilia dada zake wakiangaliana vile, akajitia katikati. "Jemimah, sikiliza. Dada alijuta siku ile ile. Kila Jumapili kanisani analia kwa ajili yako. Kila Jumapili!"

Akapaa. Hakupanda kwa kidole kimoja wala viwili. Alipita juu ya meza, akapita majora yaliyosimama kama miti, akaenda juu hadi darini, hatua moja tu kutoka kwenye feni iliyokuwa ikizunguka. Bi Huang alimwaga mbegu zake zote. Kwa bahati alikuwa mama wa akili ya haraka: alikimbilia ukutani akazima feni, kisha akarusha ncha ya jora la satini juu, Japheth akaidaka. Dada zake wakashika upande wa chini, wakavuta kama wanaovuta ng'ombe mtoni. Japheth hakushuka.

"Ungama!" Kerubo alimpigia kelele. "Sema ni uongo ushuke!"

"Siwezi!"

"Kwa nini?"

"Nikisema hujawahi kujuta, huenda nikapanda zaidi! Sijui ukweli ni upi, dada. Hujawahi kuniambia. Sema wewe!"

Watu wa maduka jirani walikuwa wameanza kukusanyika mlangoni. Kerubo alitazama juu akaona nyayo za viatu vya ndugu yake, kimoja kimetoboka. Alitazama pembeni akaona mdogo wake ameshika satini kwa nguvu zote, mshipa umemtoka shingoni, vilevile alivyoshika kamba ya ndoo kisimani alipokuwa na miaka mitano na Kerubo akimwambia, usiachie, usiachie.

"Sijalia kila Jumapili," Kerubo alisema. "Nimelia mara moja. Ilikuwa Dubai, uwanja wa ndege, nilipoona msichana amelala kwenye kiti amejifunika sweta. Nikachelewa ndege." Akavuta pumzi. "Nilijua hukuiba. Nilijua hata kabla pete haijaacha kubingirika. Niliona shangazi wote wananitazama mimi, nikaogopa watasema nimelea mwizi, nikakutupa wewe ili nibaki mimi. Nimekupoteza, Jemimah. Hukupotea. Ni mimi nilikupoteza, kwa mdomo wangu mwenyewe."

Jemimah akahamisha satini kwenye mkono mmoja. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa pete nyembamba ya dhahabu.

"Niliirudisha kaburini mara mbili," alisema. "Nikampa mchungaji, nikampa baba. Kila mara inarudi. Mama hawezi kuja kuidai, dada. Ningefanya nini?"

"Ivae," Kerubo alisema. "Ni wewe imekuchagua."

Jemimah akaivaa, kisha akamshika dada yake kiganja, akakikaza. Na Kerubo akaona. Mama wa makamo, mkoba kwapani, akishuka ngazi za ofisi ya ardhi kwa haraka, gauni la kijani likimpiga magotini. Hakuwa mtu wa maana. Kerubo hakumjua. Lakini aliangua kilio kana kwamba ni jamaa yake aliyerudi kutoka vitani.

Kwa kuwa ukweli ulikuwa umekwisha kusemwa, Japheth alikuwa akishuka taratibu, kama nguo iliyoanguka kutoka ghorofani siku isiyo na upepo. Alitua juu ya meza, akasema samahani kwa Kichina. Bi Huang, aliyewahi kuona Wakenya wakigombana lakini hakuwahi kuona mmoja akiruka, alikagua jora lake lililovutwa na kukanyagwa, akatamka neno moja ambalo halikuhitaji mkalimani: wangelinunua. Wakalinunua.

Jemimah alilala siku hiyo kuanzia saa kumi jioni hadi kesho yake adhuhuri, juu ya shuka mpya, bila kumwona mzee yeyote akikoroma. Alikaa wiki mbili. Alipeleka kiatu cha mtoto na pasi ya kusafiria kwenye uwanja wa ndege na kuketi pale hadi wenyewe walipojitokeza. Marlène alimpikia sombe, majani ya muhogo ya kwao, na Japheth alipoonja alisema kwamba chumvi imezidi. Marlène akamtazama sana. Alikuwa amepika kwa miaka ishirini na wanaume wote walikuwa wamemwambia ni tamu. Harusi yao ilifanyika mwaka uliofuata.

Kisha Jemimah akarudi Nakuru, kwenye dirisha lake, na Kerubo akarudi Zhongda na viganja vyake. Kila Jumapili walipigiana simu, wakagombana kidogo kuhusu nani alipaswa kupiga. Mwaka 2008 viza zikawa ngumu kabla ya michezo ya Olimpiki, wafanyabiashara wengi wakafunga mizigo. Japheth na mkewe walibaki kusimamia makontena. Kerubo alirudi Nairobi, akamwambia Chepkoech kwamba wanahitaji duka kubwa zaidi, na wanahitaji mtu wa tatu.

"Nani?"

"Anaacha kazi Ijumaa. Lakini nakuonya, mteja yeyote atakayesahau kitu hapa, atabidi arudi."

Walipofungua duka hilo, Jemimah ndiye aliyepanda ngazi kupigilia misumari ya kibao cha jina. Kerubo alishika ngazi chini na kumwelekeza: shusha upande wa kulia, hapana, pandisha, hapana, kulia kwangu siyo kwako. Chepkoech alikuja kutazama akawaambia kibao kimepinda. Wote wawili wakamgeukia kwa pamoja wakamwambia kimenyooka. Kilibaki vile vile kimepinda miaka yote, na wateja wakazoea kuinamisha kichwa kidogo wakikisoma.